Hotipoti ya Bluu Kwenye Rafu ya Pili

Mmeniomba niwaandikie namna ya kuliendesha jiko lile, ninyi wawili niliowaachia ufunguo. Uji mnaujua. Chai ya walimu mnaijua, na kuni mbichi mtazilaani wenyewe mkiletewa. Ya mshahara siyaandiki, na ya vyeo hakuna, maana nilianza mpishi nikaishia mpishi. Nitaandika habari ya rafu ya vyombo vya wanafunzi, kwa kuwa hapo ndipo nilipokosea, na sipendi mkosee mahali palepale.

Kwanza mjue nilifikaje. Nilikuwa darasa la sita, kwetu Muheza, lori la mkonge lilipoharibika mbele ya shule. Wakati wa mapumziko nilitoka kwenda kuangalia fundi anavyolifungua. Fundi akaniambia nishike spana. Jioni lori lilipopona nilikuwa juu ya mzigo, na darasani sikurudi. Watu hudhani nilifukuzwa. Hakuna aliyenifukuza, nilikwenda kuangalia kitu tu.

Baada ya hapo nimekata mkonge, nimechoma chokaa, nimepaka rangi nyumba za Chumbageni, nimeuza mitumba mpakani Horohoro, na nimewapikia wajenzi wa barabara mpaka wakafika mwisho wa barabara. Kila kazi niliifanya mpaka nikaijua, na nikishaijua miguu ilianza kuwasha. Nilipoajiriwa kupika katika shule ile ya sekondari nje kidogo ya Pongwe, mke wangu alinipa miezi mitatu. Nimekaa mpaka nimestaafu. Sababu ya kukaa ilikuwa rafu.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Bi Mwanakombo, mpishi mkuu, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alinieleza utaratibu huku akichambua mchele wa walimu. Uji wa saa nne unapikwa na shule. Chakula cha mchana kila mwanafunzi anakuja nacho kutoka kwao, anakiacha jikoni asubuhi ili sisimizi na paka wasikiwahi, na saa saba anakuja kukichukua. Vyombo vya bati unavipasha kwenye sufuria kubwa la maji, juu ya wavu. Vya plastiki unavipanga kwenye matofali kando ya jiko, visiyeyuke. Hotipoti usiziguse, zina moto wake. Rafu ilikuwa na mbao tatu, na mbele yake ilining'inia kanga kuukuu ambayo maandishi yake yalishafutwa na moshi.

"Mhina, kile kitambaa unakiona?" akaniuliza.

"Nakiona, Bi."

"Kazi yake nini?"

"Kuzuia nzi."

"Nzi wanapita pembeni. Kile kinakuzuia wewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia mtoto wa miaka kumi na sita ana siri chache zenye maana, na moja ni kile walichokula kwao jana. Chombo chake ukikishika, kishike kwa mikono miwili kama unavyoshika cha mgeni. Ukikifunua kwa ajili ya kupasha, macho yaangalie moto. Na ulichokiona kikae hapohapo ulipokionea.

Nilijifunza kwake mambo mengine mengi. Mwanafunzi aliyekuja bila chombo hakuulizwa kitu. Bi Mwanakombo alimwita kwa sauti kubwa aje kuosha mwiko wa uji, tena kwa ukali, wote wasikie anavyoonewa. Mwiko huo haukuwahi kutoka mtupu. Nusu muhula nilidhani mama yule ana roho mbaya.

Kwa mikono nilimtii. Kwa macho sikumtii hata siku moja. Mtu aliyeacha shule kwa ajili ya kuangalia injini hawezi kufunua bakuli akaangalia moto. Nilijua nyumba iliyopata wageni, kwa pilau ya Jumatatu. Nilijua baba aliyesafiri, kwa chapati zilizokunjwa mara nne bila mchuzi. Nilijua dada aliyechumbiwa, maana vileja, biskuti za sherehe, vilikuja wiki nzima. Nilitembea Tanga yote bila kutoka jikoni, na miguu ikaacha kuwasha. Lakini nilinyamaza, kwa kuwa Bi Mwanakombo alikuwa na masikio.

Kisha akastaafu, akaenda kukaa na wanawe Mkinga. Mwaka uliofuata cheche iliruka ikaitoboa ile kanga. Niliishusha, nikaikata vipande vya kushikia sufuria moto. Nilijiambia nitaleta nyingine. Sikuleta. Rafu ikawa wazi kama meza ya genge, na mimi mwenyewe nikawa muuzaji.

Miaka hiyo akaja Mwanahamisi, kidato cha pili, Mdigo wa upande wa Maramba aliyekuwa akikaa na bibi yake jirani na shule. Mrefu, mkimya, anayetembea kama amebeba ndoo ya maji kichwani hata akiwa hana ndoo. Hotipoti yake ilikuwa ya bluu, kishikizo cha mfuniko kimekatika, kwa hiyo aliufunga kwa mpira wa suruali. Aliiweka rafu ya pili, mwisho kushoto. Ndani yake kila siku mlikuwa na bada.

Nawaeleza kwa faida ya mgeni wa bara atakayeisoma barua hii. Bada ni ugali wa makopa, yaani muhogo uliomenywa ukaanikwa mpaka ukakauka, ukatwangwa. Rangi yake ni ya majivu yaliyoloa, unateleza, na una harufu yake. Aliyekulia nao hawezi kuuacha. Asiyeujua huuliza kama umeharibika. Mwanahamisi alikuja nao na mchunga, mboga chungu ya kwetu pwani, na chini ya mchunga palikuwa na kipande cha ng'onda, samaki mkavu. Alijisongea mwenyewe alfajiri, kwa mikono yake, pamoja na cha bibi.

Asubuhi moja nilipeleka chai ofisini. Walimu walikuwa wamechoka na masahihisho, na nilitaka kuwachekesha. Mwalimu Massawe, wa baiolojia, mama wa Moshi aliyekuwa na mwaka wa pili kwetu, akauliza harufu ile ya jikoni ni ya nini. Nikaanza kuhesabu rafu kwa vidole. Huyu ana wali wa nazi, huyu ana mihogo ya kukaanga, huyu ana maandazi na hana haya.

"Na yule mtoto wa Maramba," nikasema, "ana bada siku zote alizoumba Mungu. Nadhani hata kuku wa kwao wanaijua ratiba."

Walicheka sana. Nilirudi jikoni nimenyoosha mabega. Mlangoni nilipishana na mwanafunzi aliyebeba madaftari, sikumwangalia ni nani.

Nataka kuwa wa haki kwa Mwalimu Massawe. Hakuwa mtu wa dharau. Alikuwa akifundisha mlo kamili wiki ile, na alidhani amepata mtoto wa kumsaidia. Saa saba, wakati wanafunzi wamekaa kwenye baraza na vyombo vyao, alipita, akasimama.

"Mwanahamisi, bada tena? Mwili utajengwa na nini, mwanangu? Mwambie bibi akubadilishie."

Mwalimu wa hesabu alikuwa nyuma yake. "Kesho utuletee kidogo," akasema. "Ofisini kuna ramani imebanduka ukutani."

Baraza zima likacheka. Ng'onda alikuwa chini ya mchunga, lakini mwalimu aliona juu tu, na mtoto hakuwa na namna ya kusema subiri nifukue. Kufikia mwisho wa wiki walishampa jina. "Bada wa moto huyo!" wakimwita dirishani. "Bada, sogea unateleza!"

Wiki iliyofuata alikataa uji wa saa nne.

"Nimefunga, Babu," akaniambia.

"Leo Jumanne."

"Nalipa za Ramadhani."

Hapo mwanamume mwenye adabu hafungui tena mdomo, nami nikaufumba wangu. Walimu waliosikia walimsifu. Jumatano akafunga, Alhamisi akafunga, wiki ikaisha, ikaingia nyingine. Mnajua na ninyi kwamba siku anazodaiwa msichana zinatosha vidole vya mikono, na vingine vinabaki. Sisi sote tuliona mtoto wa dini. Mtu wa bara angeuliza mapema kwa nini hali. Sisi neno "nimefunga" lilitufunga wenyewe.

Kilichonizindua ni uzito. Hotipoti iliendelea kuja. Siku hiyo niliisogeza nipate nafasi ya bakuli jingine, ikanyanyuka na mkono wangu kama kofia. Hotipoti yenye bada ni kama jiwe la mizani. Nikavua ule mpira nikafunua. Ilikuwa imeoshwa, imekauka, inanukia sabuni. Alikuwa akitoka nayo ili bibi yake aione inatoka, anaiacha rafuni, na jioni anarudi nayo.

Nilimkuta kwenye bomba nyuma ya jiko, ameegemeza paji la uso kwenye nguzo.

"Mwanahamisi, hotipoti yako ina njaa."

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Sikiliza, kufunga ni ibada..."

"Namalizia muhula huu tu," akasema, bila kunitazama. "Halafu narudi Maramba kwa mjomba. Ana machungwa, anataka watu."

"Na shule?"

"Shule ni shule tu. Hata wewe uliacha. Unatuhadithia kila siku kwenye foleni ya uji, lori, fundi, spana, na unacheka."

Akaongeza, kwa sauti ileile ya kawaida:

"Na ni wewe uliyewaambia. Nilikuwa mlangoni na madaftari."

Akajaza chupa yake maji, ambayo hakuyanywa, akaondoka. Nimewahi kuangukiwa na mzigo wa mkonge kwenye mguu. Ule nilijua pa kukanda.

Nilikwenda kwa Mwalimu Massawe siku hiyohiyo, kabla ushujaa haujapoa. Nilimwambia yote, kuanzia kwangu. Mwanzoni alijitetea.

"Mzee Mhina, mimi nilimfundisha afya. Nilisema uongo?"

"Hukusema uongo, mwalimu. Ulisema mbele ya watu. Na mimi ndiye niliyekupa cha kusema."

Akazungusha kalamu. "Basi kesho mstarini nitamwomba radhi. Shule nzima isikie."

"Ukimtaja mstarini ataondoka kesho hiyohiyo, hatangoja mwisho wa muhula."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui," nikasema, na ilikuwa kweli. "Ila saa saba usipite barazani. Na yule wa ramani umwambie wewe, mimi nikimwambia nitasahau umri wangu."

Asubuhi yake nilikuja na kanga ya mke wangu, mpya, hata haijakatwa. Nilimweleza sababu, akaniambia nichukue na ya pili nijifunge mdomo. Nikaitundika mbele ya rafu. Wanafunzi waliuliza kuna harusi gani jikoni. Nikasema nzi wamezidi.

Mwanahamisi nilimwomba radhi palepale kwenye bomba. "Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe." Si jambo jepesi kwa mtu wa mvi kumwambia mtoto, na nawaambia mapema ili siku yenu ikifika msishangae ulimi ukigoma. Alisema "Haya." Saa nne alikataa uji kama kawaida. Nilielewa kwamba radhi haishibishi.

Siku ya tatu nilikwenda na unga wa makopa. Baada ya uji nikabandika maji nisonge bada langu mwenyewe. Mimi ni Mbondei, bada nimelila maishani mwangu, lakini nilikuwa mlaji. Wasongaji walikuwa mama yangu, kisha mke wangu. Niliona unga mweupe kijivu, nikadhani ni kama wa mahindi. Nikautia mapema, nikakoroga taratibu, nikapata mabuje makubwa kama limau, unga mkavu katikati. Nikaongeza maji. Ikawa mbaya zaidi. Kufika saa saba wanafunzi walipoanza kuchukua vyombo nyuma ya kanga, nilikuwa natoka jasho, mwiko umenata sufuriani.

Sikupanga aje. Alikuja kuchukua hotipoti yake tupu. Akasimama, akaangalia sufuria. Niliona uso wake unapigana na nafsi yake. Kuna watu hawawezi kuona kitu kinaharibiwa wakapita.

"Maji yako hayakuchemka, Babu."

"Yalikuwa ya moto."

"Ya moto si ya kuchemka. Na hapa unakoroga, husongi. Lete."

Akaninyang'anya mwiko. Alimwaga nusu, akachemsha maji mengine, akatia unga kwa mkupuo mmoja, akaukandamiza ukutani mwa sufuria mpaka mkono wake ukatetemeka. Mabuje yakapotea. Akalowesha sahani, akaligeuza bada likatoka duara, linang'aa.

"Wazee wazima," akasema, si kwangu, kwa sufuria.

Nilikuwa na mchunga na samaki kidogo. Nikamsogezea kigoda. Akakaa, akamega, akachovya, akala. Tonge la tatu ndipo nilipokumbuka.

"Vipi, na saumu?"

"Nimemaliza kulipa," akasema, akaendelea kula.

Harufu ilifika ofisini, kama kawaida yake. Mwalimu Massawe akatokea mlangoni. Alituona, akataka kurudi, kisha akauliza kama kuna kigoda kingine. Hakukuwa, akakalia debe. Nikampa tonge. Akatafuna mchunga, macho yakamtoka.

"Chungu."

"Mchunga ndivyo ulivyo, mwalimu," akasema Mwanahamisi.

Akala lote. Baadaye, akiwa anafuta vidole, akatueleza kwamba siku yake ya kwanza kazini kwetu alikuja na kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja kama wanavyopika kwao. Mwalimu mmoja akamwuliza ni mtoto gani mchanga aliyemnyang'anya. "Tangu hapo naleta mkate," akasema. "Sipendi mkate."

Kisha akamgeukia mtoto. "Mwanahamisi, nilisema vibaya."

"Ndiyo, mwalimu."

Hapakuwa na zaidi. Mimi nilitegemea machozi kidogo, maana nimesikiliza sana michezo ya redio, lakini wanawake wale wawili walikuwa wameshaanza kuzungumzia ng'onda ana protini kiasi gani.

Mwalimu alipoondoka nilimwambia Mwanahamisi kwamba ile hadithi ya lori ina mwisho ambao sijawahi kuusema kwenye foleni. Fundi yule alikuwa na kitabu cha injini, kinene, kina michoro. Nilikaa nacho usiku na mchana nikitaka kujua kwa nini lori linakwenda. Michoro nikaielewa. Kando ya kila mchoro palikuwa na maelezo na hesabu, na hapo nikagota. Nikamwuliza fundi, na yeye alikuwa amegota palepale. Nimekuwa nikihama kazi baada ya kazi, na kila moja nimeifahamu mpaka mwisho wa picha.

"Sasa mbona unacheka ukisimulia?" akauliza.

"Foleni ni ndefu, watoto wana njaa. Ningesimulia nini?"

Hakusema atabaki. Muhula ulipoisha nilihesabu siku za likizo kama mfungwa. Shule ilipofunguliwa nilifika mapema kuliko kuni. Saa moja na nusu mkono ukapita nyuma ya kanga, rafu ya pili, mwisho kushoto, ukatua kitu kizito. Nilisikia ubao ukilia. Sikwenda kuangalia. Nilikuwa nakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

Jina la Bada halikufa siku moja. Lilichakaa, na mwaka uliofuata mwenyewe aliliitikia akitaka. Mwalimu wa hesabu aliendelea na utani wake, ila akauhamishia kwa walimu wenzake, ambao wana mishahara ya kujitetea. Na kulikuwa na siku, si nyingi, ambapo nyuma ya kanga palitokea bakuli la ziada lisilo la mwanafunzi. Lilikuja na mtu wa Moshi. Zaidi ya hapo sikuliona.

Nilistaafu Mwanahamisi akiwa kidato cha nne, wiki chache kabla ya mitihani yake. Mliandaa soda na hotuba, nawashukuru. Wakati mnatafuta kifungulio cha soda, yeye alikuja mlango wa nyuma. Akanipa hotipoti ya bluu, imefungwa kwa mpira mpya.

"Ukaifungulie nyumbani, Babu. Chombo utamrudishia bibi."

Ilikuwa nzito. Niliibeba kwa mikono miwili. Getini nilimkuta Mwalimu Massawe na wenzake wananisubiri kuniaga, na yule wa hesabu akainama akitaka kunusa.

"Mzee Mhina, umepewa nini humo?"

Barabara ya kwenda kwangu ni ndefu, na njiani nilisimama mara mbili kupumzisha mikono. Mara zote mbili kidole kiligusa mpira, na mara zote mbili nikakirudisha. Mke wangu ni shahidi, nilifika haijafunguliwa. Ndani mlikuwa na nini, tulikula na nini, na kwa nini mke wangu alinicheka mpaka akakaa chini, hayo nayajua mimi na yeye.

Walimu niliwajibu palepale getini. Niliwaambia ni chakula.